Sindano ya Tatu ya Yaya Odette

Yaya,

Umeniudhi, dada yangu mkubwa. Acha nianze hapo, maana tangu tukuzike kila mtu ananiambia nikuombee upumzike, na mimi nikipiga magoti najikuta nagombana na wewe. Wiki sita sasa. Unapumzika, sawa. Mimi umeniachia sindano moja kwenye kisanduku, na uongo ambao sikuuomba.

Sindano niliifuata mwenyewe. Matanga yalipoisha, ndugu za mume wako walikuwa wanagawana vitenge vyako pale Goma. Nikasema sitaki kitenge, nataka kile kisanduku cha dawa nyuma ya vikombe. Waliniangalia vibaya. Kilikuwa na jina langu kwa kalamu yako ya bic, na chini yake neno moja: "tatu." Nikakivusha mpaka pale bariyeri ndogo, ndani ya gauni kama mtu aliyeiba.

Unakumbuka siku uliponieleza, umekaa kwenye kitanda changu huku Gisenyi, viatu vyako vya uuguzi umevitupa chini? Daktari alikuwa ameshasema uvimbe kwenye kizazi changu umekuwa mkubwa kama chungwa, na kwa jinsi nilivyokuwa napoteza damu kila mwezi hawezi kunipasua. Sikuelewa kitu. Wewe ukasema: "Sikiya. Kichwa ndiyo inatuma habari kwa mayai. Mayai inatoa homoni, na ile homoni ndiyo inalisha uvimbe. Hii sindano inapigia kichwa kelele mpaka inachoka, inanyamaza. Uvimbe inakosa chakula. Kizazi inalala." Sindano tatu, moja kila mwezi. Damu irudi mwilini, uvimbe usinyae, halafu wapasue watoe uvimbe peke yake. Kizazi kibaki, nizae. Mimi nililolishika ni hilo la mwisho.

Ulinionya kwamba mwanzoni ingezidi kabla ya kukoma, na ilizidi kweli. Siku zile nilikusema vibaya moyoni, unisamehe. Kisha ikakauka. Ukaja, ukaniangalia machoni, ukafurahi kuliko mimi.

Lakini ulisema pia: "Usiambie mabukwe yako. Atasema tunakufunga uzazi." Nikakutii, kama nilivyokutii tangu tuko watoto. Na hapo ndipo ulipokosea, wewe uliyejua kila kitu.

Huku kwetu mtu haulizwi mimba. Haitangazwi, haiulizwi, watu wanaona tu na kunyamaza. Ulisahau hilo? Mabukwe, mama yake Faustin mume wangu, tunayeishi naye nyumba moja, akaona kamba ya nyuma haina tena vitambaa vyangu vya mwezi. Akaona natokwa jasho asubuhi wakati yeye amevaa sweta mbili, nafungua madirisha, namfokea mwanawe kwa sababu ya chumvi. Ilikuwa sindano. Nilikuwa na joto la mama wa miaka hamsini kwenye mwili wa miaka thelathini na moja. Yeye akahesabu hesabu zake. Siku moja akanipokonya bidoni ya maji mkononi, bila neno. Kesho yake ukafika unga wa mtama kutoka Nyakiriba, na toka hapo uji ukawa unanisubiri kila asubuhi.

Ningekanushaje kitu ambacho hakuna aliyekisema? Nilikunywa. Faustin, mume mzima anayejua yote, alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake tu. Nilipokusimulia ulicheka mpaka ukashika ukuta. "Kunywa tu, inaongeza damu." Bon. Nikanywa.

Halafu ukafa. Malaria, siku nne, wewe ambaye kazi yako ilikuwa kuwatundikia wengine kwinini. Ulibakiza wiki mbili tu sindano ya tatu ifike. Najua si kosa lako. Nimekasirika hivyo hivyo.

Muuguzi wa zahanati ya Rugerero alikigeuza kile kisanduku mara tatu, akasema hajawahi kuchoma dawa hii. Nilikuwa nimepanda pikipiki kwenye mvua, na tarehe ilikuwa ndiyo hiyo. Ningerudi nayo wapi? Nikamwelekeza, kwa maneno yako uliyokuwa unajisemea ukinichoma zile mbili: changanya unga na maji yake sasa hivi, tikisa polepole, choma kabla haijatulia chini. Akaniuliza kama mimi ni muuguzi. Nikasema dada yangu. Sindano ikaingia, nikalia, akadhani ameniumiza.

Nilipofika nyumbani jua lilikuwa limetoka. Mama Faustin amekaa uani na ngozi mapajani, anaipaka samli aliyoagiza Bugeshi. Ni ingobyi, Yaya. Ile ngozi ya kondoo aliyombebea Faustin mgongoni. Ilikuwa imekauka kwa miaka yote hiyo, na yeye anailainisha pembe kwa pembe, taratibu, anaikunja anaikunjua.

Sikuweza. Nilimwambia nimesimama, hata kofia ya mvua sijavua. Kwamba hakuna mtoto. Kwamba ni dawa. Nikamweleza habari ya kichwa na mayai, vibaya, nikachanganya, wewe ungeieleza kwa dakika mbili.

Mikono yake iliendelea na samli. Akauliza, "Donc kizazi iko inalala tu?" Nikasema inalala. "Na iko ya kuamuka?" Nikamwambia ukweli: dawa ikiisha mwilini kitaamka chenyewe, kama watafanikiwa kutoa uvimbe peke yake. Damu ikizidi mezani, watakitoa chote, na Faustin ameshatia sahihi. Halafu akasema, "Mungeniambia."

Hakupiga kelele. Hakusema tumefunga uzazi. Ulimwogopa bure, na mimi nikaogopa kwa sababu yako, na mama wa watu amefurahi mwezi mzima kwa mjukuu ambaye hakuwepo. Ningependelea angenitukana. Uji anaupika bado. Ingobyi sijaiona tena tangu siku ile, na siwezi kuuliza ameiweka wapi.

Wananipasua Jumanne. Daktari amenipima, damu imepanda, uvimbe umerudi nyuma karibu nusu. Sindano zako zimefanya kazi, basi, nimekupa haki yako.

Ila nikiamka nitakuwa na swali moja, na wewe ndiye uliyeniahidi kukaa pembeni ya kitanda na kulijibu. Nimemwomba Mama Faustin akae kwenye kiti chako. Nimemwambia asifanye kama tulivyozoea, asinyamaze akaniletea uji nikaanza kukisia kutoka usoni mwake. Kizazi kikiwepo aseme kipo. Kisipokuwepo aseme hakipo. Ameniambia, "Nitasema."

Na mimi nakuahidi, jibu lolote litakalokuja, nitalipokea kwa sauti na nitalisema kwa sauti kwa kila atakayeuliza, na kwa wale wasiouliza pia. Kuficha kwako nimekuachia. Kisanduku kitupu nimekiweka, kwa sababu ya ule mwandiko.

Pumzika, Yaya. Nikitoka hospitali nitavuka mpaka, nitakuja kaburini nikuambie mwenyewe.

Mdogo wako,
Espérance