Sauti ya Rajabu kwenye Makintoshi

Jumanne. Mvua imenyesha asubuhi kisha ikachoka. Mtaa wetu wote wa Buyenzi ni matope, nami sina hamu ya chochote. Tangu watu walete habari za kifo cha kaka Rajabu, moyo umekufa ganzi. Nakula, naswali, nasalimia majirani. Basi.

Rajabu alikuwa akitengeneza kadi za harusi kule Kamenge kwa kompyuta mbili kuukuu, Makintoshi. Vita vilipomtoa huko alizileta kwangu, zimefungwa kwenye vitenge vya mkewe, Zaina. Moja sasa inakoroma kama mzee mwenye pumu, na tundu lake la disketi limekufa. Siku ikizima, imeondoka na kila kitu.

Kila kitu, maana yake sauti yake.

Alipokuwa akinifundisha kazi alijirekodi, akaiweka sauti hiyo mahali pa ule mlio wa kukosea. Ukikosea tu, mashine inakwambia: "Apana, mudogo wangu. Anza tena." Niliichukia ajabu.

Leo nimeziunganisha mashine kwa waya wa simu ili niihamishe. Zikagoma. Kila nikibonyeza, Rajabu ananikataza. Zaina alikuwa uani akichambua mboga ya lengalenga. Akaja na ungo wake, akakaa nyuma yangu.

Nilitaka kulia. Sikuweza.

Baada ya adhuhuri ndipo nikaona upumbavu wangu: waya nilikuwa nimeuchomeka kwenye tundu la modemu, si la printa ambalo mashine hizi huzungumzia. Yanafanana mno. Nikauhamisha, mashine zikaonana. Faili ikavuka polepole, ikafika. Nikaijaribu upande wa pili. Ni yeye, pamoja na kile kikohozi chake cha mwanzoni.

Nikaanza kufungua kadi zake za zamani, moja baada ya nyingine, kwa programu yake ileile. Zote zilifunguka. Hakuna kilichokataa, na chumba kikawa kimya.

Zaina akanigusa bega.

"Shemeji, fanya kosa ingine."

Nikafanya. Nikafanya tena na tena, mpaka lengalenga ikanyauka kwenye ungo.

Naandika haya haraka kwenye intaneti kafe, kabla amri ya kutotoka nje haijatufukuza. Asubuhi kuna kadi ya harusi ya kutengeneza, na mwenye harusi anataka kazi safi, isiyo na kosa.

Sijui kama nataka kuiweza.