Wapenzi Wawili na Treni ya Jioni

Jumatano, 3 Machi 1999

Nimetoka saiba kusoma barua pepe. Kundi limeandika — wale wenzangu kumi na tisa wa Ufini, Brazili na sijui wapi, wanaopiga picha kama za sinema za zamani. Nyeusi na nyeupe, vivuli vizito, watu wenye siri usoni. Zoezi la mwezi: wapenzi wanaagana stesheni. Mwanamume abaki, mwanamke aende. Koti refu ni lazima. Koti! Kisumu! Mwezi wa tatu!

Stesheni ipo. Wapenzi sina.

Ijumaa, 5 Machi

Nimewapata. Mwanamume ni Mzee Gurcharan, fundi wa reli aliyestaafu. Ana koti la marehemu babake. Kofia amekataa — kilemba hakitoki. Sawa, kilemba nacho kina kivuli kizuri.

Mwanamke ni Seline, muuza samaki wa Dunga, mjane wa mwaka mmoja. Shemeji yake Zadock anataka kumrithi awe mke wake. Amekataa mara tatu. Kwa picha yangu akakubali mara moja.

Jumamosi, 6 Machi

Mzee Gurcharan alilia kabla sijamwambia. Machozi ya kweli, yamechanganyika na jasho. Seline akamshika mkono: pole Mzee, ni picha tu. Mkewe, Mama Chanchal, alikuwa pembeni na chupa ya chai. Akasema binti yao alipoolewa huyu hakutoa hata chozi moja.

Askari wa stesheni alikuja kutufukuza. Akabaki. Ati Mzee asogee kushoto kidogo.

Jumatatu, 8 Machi

Kutuma picha moja, dakika hamsini! Stima ilipotea dakika ya arobaini na sita, nikaanza upya. Jibu likaja: mwanamume bora kabisa. Mwanamke haonekani kama anaondoka, anaonekana kama anangoja wateja. Rudia.

Nikamweleza Seline. Hakucheka.

"Waambie sijawahi kuondoka popote. Ningejulia wapi?"

Mama Chanchal alikuwepo. Alimtazama Seline sana.

Jumatano, 10 Machi

Zadock kaingia studio yangu na hasira. Amesikia Seline anakumbatiwa na Mhindi stesheni. Na Jumamosi wazee wanakutana kwake kumaliza ile habari ya kurithi! Nikamwonyesha picha zote. Alizitazama muda mrefu, nikatafuta mlango kwa macho.

"Bwana Wakhisi," akasema, "kwa nini mimi sikuitwa?"

Nimempa kazi ya mbeba mizigo kwenye picha. Ameondoka akipiga mluzi.

Ijumaa, 12 Machi

Jioni, stesheni tena.

Seline alikuja na sanduku. Zadock, na kofia ya kuazima, akalibeba mpaka ndani ya behewa.

"Yawa! Umeweka nini humu?"

"Mawe, shemeji. Ili uonekane unabeba."

Akafurahi. Akarudia mara mbili, nipate upande wake mzuri.

Mpango wangu: Seline asimame dirishani, nipige, ashuke. Kengele ikalia. Nikapiga. Nikasema shuka. Treni ikajivuta. Shuka! Seline akanitazama na kutabasamu kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Kidole kikabonyeza chenyewe.

Mzee Gurcharan safari hii hakulia hata kidogo. Alipunga mkono mpaka behewa la mwisho.

Zadock akavua kofia. "Anashukia wapi?"

"Nairobi," akasema Mama Chanchal. "Kwa binti yangu, ana duka. Tiketi nilikata mimi." Akammiminia chai. Zadock akaipokea kwa mikono miwili, akanywa yote akiwa amesimama.

Jumamosi, 13 Machi

Picha imetoka safi. Sijapiga nyingine kama hii maishani. Asubuhi na mapema nikaituma, nikarudi na jibu limechapwa.

Zadock yuko studio tangu nifungue. Wazee wameshafika kwake, yeye yuko hapa. Ameomba nimsomee. Nikasoma: mwanamke sasa anaondoka kweli. Lakini hakuna mtu anayeagana akitabasamu hivyo. Arudi, mpige tena.

"Unaona?" akaruka. "Hata Wazungu wanasema arudi!"

Nimemwekea picha mezani. Ameitazama zaidi ya zile za Jumatano. Ameuliza kama Seline hucheka hivi siku zote. Nikasema sijui, wewe ndiye shemeji. Amesema naye hajui.

Simu ya studio inalia. Hakuna anayenipigia Jumamosi. Nimeshika kalamu, yeye ameshika picha.

"Pokea," ananiambia. "Muulize kama amekula."