Redio Uliyotuletea

Chumba cha nyuma,
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Kaka,

Mwanangu ameirarua karatasi ya kwanza sasa hivi, akajipigia makofi. Hii ni ya pili, uniwie radhi kwa mwandiko wa haraka. Hujambo? Mgongo umepoa? Sisi wazima wa mwili. Moyo ndio mgonjwa.

Ni ile redio ndogo inayotii kompyuta, uliyomletea shemeji yako. Unajua vifaa vya intaneti ya hewani vina sheria: vikisikia rada, vihamie masafa mengine upesi viipishe. Kuvijaribu kunataka mashine ya kuiga rada, na mashine hiyo bei yake ni nyumba. Shemeji yako akaifundisha redio yako kuiga, kama kasuku. Karakana nzima alikoajiriwa ikapata kazi.

Yeye hujaribu kwa waya tu, kutoka redio hadi kifaa, mawimbi yasitoke nje. Alhamisi wakaja wageni. Bosi akataka makuu.

“Chomoa huo waya, weka antena!”

“Bosi, jengo zima litasikia.”

“Si ndiyo vizuri? Au unaogopa redio, bwana fundi?”

Akaweka. Kaka, intaneti ya jengo zima ilitawanyika kama kuku walioona mwewe! Watu wakashuka ngazi wakifoka, na wa kwanza kunyoosha kidole ni bosi.

Sasa ameleta karatasi. Shemeji yako akiri alichomoa waya kwa kichwa chake, na redio ni mali ya karakana. Akitia saini, kesho anarudi kazini. Asipotia, basi. Wahenga husema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Huyu wamemnyonga, na haki yake wanaitaka pia.

Nimemsihi asubiri. Barua hii anakuja nayo dereva wa basi. Mpe huyohuyo ile stakabadhi ya redio ya dukani yenye jina lako, tumwoneshe bosi aliyeizuia. Redio ikirudi, hatukosi pa kuanzia. Karakana nyingine mbili zimeshamuulizia, na mimi kushika waya nimejua.

Nisalimie wifi na mapacha. Mungu akuepushe na watu wa ndimi mbili.

Shemeji yako ananiita huko mbele, Kaka. Anauliza kalamu iko wapi, na nyumba hii ina kalamu moja tu, ndiyo hii ninayo