Saa ya Kufunga Ukumbi

Jumanne, usiku

Baba anataka ukumbi wetu wa muziki ufungwe saa kumi na mbili jioni. Ametangaza leo mchana, bendi ikiwa mazoezini.

Mjomba Hamisi, kaka yake mama, akashusha gitaa. "Shemeji, saa hiyo hata kuku wa mtaa wetu huu wa Mtendeni hawajalala!"

"Majirani wanalalamikia kelele."

"Jirani yako ndiye mpiga ngoma wako."

Wote wakacheka isipokuwa baba. Nilikuwa jikoni namenya viazi, kazi niliyoirithi kwa mama nilipomaliza shule. Niliendelea kumenya, ingawa sababu ya kweli naijua. Wateja wakishaondoka, bendi ilikuwa ikitupigia sisi wa nyumbani wimbo mmoja. Mama alikuwa akitoka jikoni akifuta mikono kwenye aproni, kisha akicheza na baba katikati ya viti. Tangu tumzike wimbo huo haujapigwa, na saa ile ya usiku ikifika baba huenda kusimama uani peke yake.

Leo mazoezi yalipoisha, vidole vya mjomba viliingia vyenyewe kwenye wimbo ule. Akashtuka, akaacha.

"Nisamehe, shemeji."

"Malizia," baba akasema.

Jua lilikuwa bado kali. Baba alisimama katikati ya viti, mikono imening'inia. Nilitaka kwenda kumshika. Nilifika mlango wa jikoni tu.

Wimbo ulipokwisha akasema tuache saa zile zile za zamani za kufunga usiku, maana hata mchana inauma vilevile.

Aproni ya mama bado iko kwenye msumari. Ijumaa tukifungua nitaivaa. Nikiweza, nitavuka ule mlango.