Karatasi Yako ya Kuzaliwa

Ingenio Santa Rufina,
9 Februari 2016.

Mdogo wangu mpenzi Nicanor,

Pokea salamu zangu nyingi, nyingi kama majivu ya miwa yanayotuangukia mwezi huu mpaka kwenye sahani za chakula. Natumaini wewe, shemeji Yokasta na mabinti mko wazima huko Bayamón, na kwamba lile goti lililokusumbua Krismasi limeacha kiburi chake. Sisi huku hatujambo. Mama anakula vizuri na analalamika vizuri zaidi. Asubuhi anataka ndizi zake za kuponda na kitunguu cha siki juu, na nikichelewa ananiuliza kama bado niko Marekani. Anakushukuru kwa feni uliyomletea, ila hataki iwashwe, eti itachakaa. Tunaitazama tu huku tukitoka jasho.

Najua unachongoja ni fomu, si barua. Tena najua kwamba barua ndefu kutoka kwangu haijawahi kuwa dalili njema, kwa hiyo nakuomba uketi. Kama Yokasta yuko karibu, mwache aendelee na shughuli zake kwanza. Ukishamaliza kusoma utaamua mwenyewe la kumwambia.

Kama nilivyokueleza kwenye simu, jina langu limefikishwa mbele ya kamati ya Ukumbi wa Heshima wa mji wetu. Ni chumba kile kile cha juu ya kituo cha zimamoto, chenye picha kumi na moja za watoto wa kiwanda hiki cha sukari waliofika mbali kwa besiboli. Wanaopiga kura ni watu watano, lakini wanaopiga kelele ni mji mzima. Kwa Fello kinyozi hakuna tena anayezungumzia bei ya mchele. Juzi nilikuwa kwenye kiti chake, povu limenijaa mashavuni, wakanijadili kana kwamba mimi ni maiti na wao wanagawana nguo zangu.

Fello, unamjua, ananitetea kufa na kupona. Alisema rungu halisomi cheti cha kuzaliwa. Mipira niliyoipiga ikavuka ukuta huko Marekani, nani aliipiga, karatasi? Toño muuza barafu akamjibu kutoka mlangoni, “Wee Fello, acha hizo! Hata mimi ukinichezesha na watoto nitakuwa mfalme. Mtu kanyoa ndevu asubuhi, mchana kaingia uwanjani ana miaka kumi na saba!” Watu wakavunjika mbavu. Nami nilicheka, povu likaniingia mdomoni. Mzee mmoja wa kiwandani akasema yeye hacheki, kwa sababu leo tukimweka aliyedanganya umri, kesho tutamweka aliyejidunga sindano za misuli, na kesho kutwa yule aliyeuza mechi, mwishowe ukumbi utakuwa gereza lenye picha nzuri. Fello akapangusa wembe wake akasema tukiwaondoa wote waliowahi kudanganya, tutabaki na ukuta na misumari.

Maneno hayo yalinifurahisha, na sitakuficha. Ninakitaka kibao kile cha ukutani, Nica. Ninakitaka sana. Tangu siku ile niliporudi na masanduku mawili, mkataba umevunjwa, magazeti yakiniita babu wa miaka kumi na saba, sijapita mbele ya zimamoto bila kutazama madirisha ya juu. Watoto wa mtaani mpaka leo wananiita Nicanor wa Uongo. Wananiita kwa upendo, lakini ndivyo wanavyoniita.

Sasa nije kwenye mkutano. Unamkumbuka Doña Casilda, aliyetufundisha kusoma sote wawili na kutufinya masikio sote wawili. Yumo kwenye kamati. Kura zilikuwa mbili kwa mbili na yake ndiyo ya tano. Jumapili baada ya misa wakaitisha watu kwenye ukumbi wa parokia, akasimama na mkoba wake mkononi kama mtu anayetaka kuondoka. Alisema yeye habishani na mapigo yangu, aliyaona kwenye televisheni na aliyapigia makofi. Anachouliza yeye ni kuhusu nafasi. Mwaka ule klabu zilichukua vijana wachache tu hapa kwetu, na aliyeingia kwa uongo alimwacha mwenzake nje. “Mnafikiri kawaibia Wamarekani?” akatuuliza. “Thubutu! Kamwibia kijana wa hapa hapa, ambaye mpaka leo hajui kama kaibiwa. Nileteeni kijana huyo, aseme yeye sawa, na mimi nitasema sawa.”

Ndipo Fello akaruka juu akapaza sauti kwamba kijana huyo anajulikana, ni Nicanor mwenyewe, mwenye jina, na ameshasema sawa! Akatoa simu yake, akafungulia ule ujumbe wa sauti uliomtumia. Nica, sikuwa nimeusikia kabla ya hapo. Nilikusikia ukisema kwamba jina ni letu sote wawili, waniandike tu, kwamba wewe hakuna mtafuta vipaji hata mmoja aliyewahi kuja kukuulizia, na kwa hiyo ni afadhali jina lilifika mbali hata kama mwenyewe hukufika. Kisha ukacheka kile kicheko chako. Watu walipiga makofi mpaka njiwa wakatoka darini. Mama alilia. Doña Casilda akaketi, akasema kama ni hivyo basi mwenye jina atie sahihi kwenye fomu, niambatanishe na cheti chake cha kuzaliwa kama kanuni inavyotaka, na kura yake nitaipata. Sherehe ni tarehe ishirini na saba, siku ya uhuru.

Nilitoka pale nikibebwa mabegani. Usiniulize nilijisikiaje. Fomu niliiweka chini ya redio, na kila siku nikasema kesho nitaipeleka posta. Siku ya nne nilikwenda nyumbani kwa Doña Casilda. Nilimkuta barazani akichambua mchele, sinia mapajani. Nikamweleza yale ambayo nitakueleza sasa hivi. Hakuacha kuchambua. Nilipomaliza aliniuliza kama ndugu yangu ameshayasikia. Nikasema bado. Akaninyanyulia macho, akasema, “Sasa kwangu umefuata nini? Mimi si padri, wala si mdogo wako. Hebu nenda nyumbani kwenu ukaandike barua, usinimwagie mchele wangu.”

Basi nimekuja nyumbani, na ninaandika.

Unaikumbuka ile Septemba ya mwaka tisini na tatu. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na wote walikuwa wameshaniambia kwamba kwa umri huo hakuna klabu itakayonitazama mara ya pili. Wewe ulikuwa na kumi na saba. Mama alikitoa cheti chako kwenye kopo la biskuti, akakuuliza mezani mbele ya wote kama unakubali kaka yako akitumie. Ulikubali kabla hajamaliza kuuliza. Tukapatana kwamba zamu yako ikifika utatumia cha binamu Eligio, kama walivyofanya wengi hapa kwetu, wala hatukuona kwamba ni dhambi kubwa. Hayo unayajua. Usiyoyajua ni haya.

Wiki tatu baada ya mimi kutia sahihi mkataba wa klabu, mtu alikuja kukuulizia.

Alikuwa wa klabu nyingine. Alikuona siku ya mtakatifu wetu ukirusha mpira kwenye uwanja wa kiwanda, akaulizauliza mpaka akaelekezwa nyumba yenye mlango wa buluu. Ilikuwa alasiri, Mama kaenda kufua kwa akina Mota. Mimi nilikuwa nimeketi kizingitini na viatu vyangu vipya. Alisema anamtaka yule kijana mwembamba anayerusha kwa mkono wa kushoto. Alisema kwa miaka sita hajaona mkono kama ule. Hakuniuliza habari zangu hata kidogo. Alitaka jina lako na cheti chako, na alikuwa tayari kukuona saa ile ile.

Nilijua kwamba ukiingia wewe, watakuja kutazama nyumba yetu, watahesabu watoto wa Mama, watawauliza majirani, na yangu yataharibika kabla sijapanda ndege. Karatasi ya Eligio ilikuwepo. Ningeweza kumwambia arudi kesho. Sikumwambia hivyo. Nilimwambia kwamba ulianguka kutoka kwenye gari la miwa ukavunjika kiwiko, na kwamba umepelekwa kwa shangazi huko Barahona, na madaktari wamesema hutarusha tena.

Nawe ulikuwa nyuma ya nyumba, Nica. Ulikuwa unarusha mpira kwenye lile bati, kama kila alasiri. Mimi na yule mgeni tulikuwa tunausikia. Aliniuliza kile kishindo ni cha nini. Nikamwambia ni jirani anapigilia misumari.

Akasikitika, akanipa pole, akaenda zake. Wewe ukaingia ndani baadaye unatafuta maji, ukaniuliza nani alikuwa mlangoni, nikakujibu ni mtu aliyepotea njia. Uliendelea na bati lile miaka miwili mizima. Siku ulipoamua kuvuka kwenda Puerto Rico kujifunza ufundi bomba, mimi nilikuwa Marekani, napigiwa makofi kwa jina lako.

Mama hajui. Baba alikufa hajui. Kwenye mazishi yake uliniambia kwamba mimi angalau niliitwa, na wewe hakuna aliyekuita, ndiyo maana huna kinyongo nami. Nilikukumbatia nikanyamaza. Najuta kwa uongo wa mlangoni, lakini kule kunyamaza makaburini najuta zaidi, kwa sababu wakati ule sikuwa tena na la kupoteza, kila kitu kilikuwa kimeshapotea.

Sikuombi unisamehe ili nipate kibao. Fomu nilimrudishia Doña Casilda ikiwa tupu, na Fello nimemwambia asinunue rangi ya mabango. Amenuna, hajui sababu, na anadai nimeingiwa na wazimu wa uzee. Mji utaendelea kubishana kama mtu wa aina yangu anastahili ukuta au hastahili. Wabishane. Alichouliza Doña Casilda, jibu lake mimi nilikuwa nalo siku zote, na kijana mwenyewe nilikuwa nakula naye sahani moja.

Ndani ya bahasha hii utakikuta cheti chako cha kuzaliwa. Si nakala, ni chenyewe. Kina doa la mafuta pembeni, pale Mama alipokishika siku ile akiwa anakaanga samaki. Nimekaa nacho zaidi ya miaka ishirini na miwili, na hata waliponifukuza, hiki sikukirudisha.

Ukitaka kupiga simu unitukane, piga, nitapokea na nitasikiliza mpaka uchoke. Usipotaka kunisikia tena, nitakuelewa. Ila Jumapili mpigie Mama kama kawaida, yeye anakaa karibu na simu kuanzia saa nne, na kosa si lake. Kuhusu kumwambia au kutomwambia, neno lako ndilo nitakalolifuata.

Msalimie shemeji Yokasta, uwabusu mabinti. Mama anasema usisahau kulivisha goti lako kitu cha joto. Mungu akulinde huko uliko.

Ni mimi kaka yako,

Evaristo Peralta,
niliyezaliwa tarehe 3 Machi 1972.