Kilio Nilichokichelewesha

Newala,
19 Septemba 2024

Kaka yangu mpendwa Anselmo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Dar es Salaam, na kile kikohozi ulichoondoka nacho kimepona. Sisi hapa hatujambo. Mikorosho imeanza kuangusha, nami naamka mapema kuokota kabla ya jua kali. Nyumba imekuwa kimya. Bado nasonga ugali wa watu wawili.

Fundi Zabroni alikuja juzi kujengea kaburi la Mama. Akaniuliza kama aandike msalabani yale maneno uliyomtumia, kwamba Mama alilala akisikiliza tarumbeta ya mwanawe. Nikamwambia asubiri. Ndiyo sababu nakuandikia, maana kwenye simu nisingeweza.

Watu bado wanaizungumza ile siku ya Julai uliyokuja na bendi yako kupiga jazi nyumbani kwa mara ya kwanza. Mzee Marko anadai wewe ndiye uliyekuwa ukipuliza, lakini aliyeishiwa pumzi ni yeye. Mimi nikakumbuka ulivyokuwa ukipuliza bua la jani la mpapai, kuku wanatawanyika, na Mama anakuuliza umemeza nini.

Yale maneno ya msalabani najua yalikotoka. Siku ya mazishi Lukmani, mtani wetu, alilala njiani mbele ya jeneza, akasema hatupiti. Akasema marehemu alikuwa mjanja: kelele za mwanawe amezivumilia miaka yote, basi asingeondoka kabla ya kuhakikisha kama sasa amejua kupiga. Watu walicheka, nawe ukacheka huku machozi yanakutoka. Baadaye nikakusikia ukimwambia padri kwamba Mama alikusubiri. Utani ukageuka habari ya kweli, nami nikanyamaza.

Kaka, Mama hakukusikia.

Ulipomuaga asubuhi ya siku ile ya jazi alikuwa na nafuu, hata akakutania kwa viatu vyako vinavyong'aa. Lakini saa kumi alasiri, mlipokuwa mkifunga spika uwanjani, nilimnywesha uji vijiko viwili, akageukia ukutani, akakata roho bila shida. Mlianza kupiga karibu saa kumi na moja.

Mama Salome, jirani yetu, alikuwa nami. Aliniambia nipige ukelele. Unajua kwetu, kilio kikisikika mtaani hata redio zinazimwa. Uwanja mzima ungehamia kwetu, na tarumbeta ungeirudisha kwenye sanduku lake. Nikamshika mkono, nikamsihi tungoje. Akasema si vizuri kumnyima maiti kilio chake, lakini akakaa. Tukamfunga Mama kidevu, tukamnyoosha, tukaketi chini tumefumba midomo, muziki unaingia dirishani. Mlipomaliza ndipo nikapiga ukelele.

Ulipoishika miguu yake ukauliza mbona imepoa upesi hivi, nilikujibu ni baridi ya Julai.

Ningeweza kusema nilifanya hivyo kwa ajili yako. Nilikufikiria, ni kweli, lakini si hivyo tu. Miaka kumi na tisa nimebaki hapa na Mama, na sikuwahi kukusikia ukipiga mbele ya watu. Nilitaka kusikia. Nilikusikiliza nikiwa nimekaa kando ya mama yetu aliyekwisha kufa, na Mungu anisamehe, ulipopiga ule wimbo wa polepole, nilifurahi.

Siwezi kuacha uongo wangu uandikwe juu ya kaburi lake. Nimemwambia Zabroni aandike jina na tarehe tu. Ukinikasirikia nitaelewa. Aliyekusikia katika nyumba hii ni mimi.

Nisalimie sana wifi yangu Stamili na watoto. Mama Salome anakusalimu. Naye jambo hili limemlemea. Ukipata nafasi ya kusali, unikumbuke na mimi.

Mdogo wako,
Cecilia