Inagonga Ikipata Moto Tu

Msambweni, Alhamisi, Julai 1965

Mawingu tangu alfajiri, upepo wa kusi unapeperusha mchanga mpaka ndani ya kikombe cha chai, na leo sitaki kusalimiwa na mtu. Nimefunga mlango. Mama amekuja kubisha, nimejifanya nimelala. Naandika kwa sababu nisipoandika nitatoka nje nikamtukane mtu, na wale wa kutukanwa wameshapanda basi wameondoka.

Asubuhi alikuja Bakari kutoka Gazi.

Bakari ni mtoto wa shangazi yangu Mwanasiti, dada wa baba. Baba alipofariki mwaka jana, wazee walikaa baada ya arobaini wakagawa mali. Kwa dini, mtoto humrithi babake. Kwa ada yetu sisi Wadigo, mali ya mjomba huenda kwa mpwa, mwana wa dada. Wazee hawakutaka kugombana na upande wowote, kwa hiyo wakachanganya: nyumba na minazi kwa dini, ikawa yangu, pikipiki kwa ada, ikawa ya Bakari. Shangazi ndiye aliyeishikilia hiyo pikipiki. Mengine yote aliyaachia, hilo hakulegeza hata kidogo.

Watu wananiambia, wewe una nyumba na minazi, wataka nini tena? Nani aliyewauliza habari za minazi?

Pikipiki ile baba aliinunua kwa mzungu wa shamba la mkonge, yule aliyefunga virago mapema kabla ya Uhuru kwa hofu kwamba tutamla mzima mzima. Baba alikuwa bwana shamba. Aliendea nayo ofisini Matuga na kurudia. Yeye aliiendesha, mimi niliifungua, nikaisafisha, nikaifunga. Ufundi wangu huu unaonilisha leo kwenye matrekta ya miwa niliuanzia pale, mikono imejaa oili, baba amekaa juu ya gogo akinipa spana na kujifanya anajua ni ya namba ngapi. Kisha wazee wakakaa siku moja tu, wakanywa kahawa yangu, wakamkabidhi Bakari ufunguo.

Bakari, ambaye hajui plagi iko upande gani.

Basi leo asubuhi niliisikia kabla sijaiona. Ilikuwa inagonga. Ko, ko, ko, sauti nzito inayotoka chini kabisa ya injini. Bakari akasimama uani kwangu, akaizima, akanipa salamu. Nikaiitikia, maana salamu ni ya Mungu, si yake.

"Ina sauti, binamu," akasema. "Nikiiwasha Gazi ikiwa baridi, kimya. Nikishavuka mto Mkurumudzi, ikipata moto, yaanza kugonga. Na kesho nampeleka mke wangu Kwale kwa wazee wake. Hebu nitazamie."

Nilimwangalia mtu huyu. Ukunda kuna mafundi. Mombasa wamejaa. Yeye amekipokonya kitu, amekiua, kisha anamletea aliyepokonywa akifufue, na hata haoni haya. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi.

Nikamwambia twende tukaisikie njiani. Sauti ya namna ile huwezi kuihukumu injini ikiwa imepoa. Bakari akapanda mbele. Mimi nikapanda nyuma, pale pale nilipokuwa nikikaa utotoni nikimshika baba shati. Leo sikumshika mtu shati. Nilishika chuma cha kiti, na tulipopita dukani nilitazama upande wa pili nisione nani anacheka.

Tulipofika karibu na daraja ilianza. Kwanza niliisikia harufu, nikadhani kuna mtu anakaanga samaki kando ya barabara. Hapakuwa na nyumba wala moshi. Harufu ilikuwa inatoka katikati ya miguu yetu. Kisha ko, ko, ko, na akiongeza moto inazidi, akipunguza inapungua.

Turudi, nikamwambia. Pole pole.

Uani nikachukua bisibisi ndefu, ncha nikaiweka juu ya injini, mpini nikauweka sikioni, maana chuma huleta sauti moja kwa moja pasipo kelele za pembeni. Juu kwenye valvu, salama. Katikati kwenye silinda, kuna mkwaruzo. Chini, pale mkono wa pistoni unaposhikana na beringi yake, ilinipiga sikio mpaka nikatoa kichwa.

"Umetia oili gani humu?" nikamuuliza.

"Oili iliniishia. Nikatia mafuta ya nazi, ya mama, anayoyapika mwenyewe. Safi kabisa." Akaniona uso. "Mafuta ni mafuta, binamu."

Mafuta ni mafuta! Mtu mzima, ana mke, anatia kwenye injini kitu cha kupaka nywele! Nilifungua kizibo cha tangi la oili, lililo mbali na moto wa injini, na kwenye nyuzi zake bado kulikuwa na ukoko mweupe ulioganda kwa baridi ya usiku. Mafuta ya nazi asubuhi huganda, na injini ikipata moto huwa mepesi kama maji. Chuma kinabaki kinasuguana na chuma. Nikayamwaga yote kwenye beseni, nikalielekeza kwenye mwanga. Chini kulikuwa na chenga za chuma zinang'aa.

Beringi imelika. Nilimweleza kama ninavyomweleza mteja, bila matusi, na hilo naomba liandikwe upande wangu. Nikamwambia pikipiki hii haiendi Kwale. Inaweza kupanda ule mlima vizuri tu, halafu wakati wa kushuka injini ikakwama, gurudumu la nyuma likafunga hapo hapo, na wewe na mkeo mtaokotwa na wapita njia. Iache hapa. Mimi nitakwenda Mombasa kuitafutia beringi.

 Nikaona kitu kinapita usoni mwake, nikakijua kabla hajafungua mdomo.

"Niiache hapa," akasema. "Kwako."

"Hapa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka beringi ipatikane. Sijui lini."

Akalitazama beseni. "Na hizo chenga, binamu. Kwa fundi si ndiko zilikojaa?"

Kisha akasema anakwenda kumleta mamake, akafuata basi. Ufunguo akaondoka nao mfukoni.

Hapa nitaandika ukweli, kwa kuwa hakuna wa kuusoma. Alipoondoka nilikaa pale uani nikawaza hivi: nitamwambia ni valvu tu, nimeikaza, haya, nenda salama. Atafurahi, mamake atafurahi, hakuna atakayeniita mwizi, na kesho mlima wa Kwale utafanya kazi yake. Nilimuona na mkewe wako hewani. Wazo hilo halikunitoka upesi kama ambavyo ningependa kuandika. Nilikaa nalo mpaka adhana ya adhuhuri.

Alasiri wakaja, shangazi mbele, Bakari nyuma. Nikasema shikamoo shangazi, akaitikia marahaba, sote wawili tukitazama pikipiki. Majirani waliona, wakasogea ukingoni mwa ua kama watu wenye shughuli zao. Mama hakutoka ndani. Alikuwa ameshaniambia mchana, mpe chombo chake aende, tupumzike.

"Iwashwe nasi tuisikie," akasema shangazi.

Nilirudisha mafuta yale yale ya nazi. Ningetia oili mpya ingeifunika sauti kwa muda, wakasikia injini nzima na wakaniona mwongo. Bakari akatoa ufunguo. Nikapiga kiki, na pikipiki ikawaka kwa mara moja, ikatulia, ikaimba vizuri kuliko siku zote za maisha yake. Ilikuwa imepoa.

Nilitamani kuipiga teke.

"Iko wapi hiyo sauti?" shangazi akauliza. "Mimi naisikia pikipiki ya ndugu yangu. Nzima." Bakari akacheka kidogo. Shangazi akaendelea, na sauti yake haikupanda, ndiyo maana kila mtu ukingoni aliisikia. "Salimu, mwanangu, kama waitaka, sema waitaka. Usiizulie maradhi. Ndugu yangu hakuzaa mtu wa kuiba kwa ujanja."

Nikamwambia asubiri ipate moto.

Nikaisimamisha juu ya stendi yake, nikazungusha mkono wa usukani kuongeza mwendo. Pikipiki iliyosimama haipati upepo, moto unapanda haraka. Tukangoja. Bakari akamwambia mamake kitu sikioni. Halafu harufu ile ya kukaanga ikatanda uani, na mtoto wa jirani akauliza kwa sauti kuna nini jikoni, akanyamazishwa. Nikaongeza kidogo.

Ko.

Kimya. Kisha ko, ko. Kisha ikashika mwendo, ko ko ko ko, mpaka stendi ikatikisika. Bakari aliacha kucheka. Shangazi akaweka mkono kifuani.

"Nimesikia," akasema.

"Basi, binamu," akasema Bakari. "Zima. Nimekuamini. Zima!"

Nilikuwa nimeshinda. Kila mtu pale alisikia, na hakuna ambaye angeniita mwizi tena. Kilichobaki ni kurudisha mkono nyuma kidogo tu.

Sikurudisha.

Ningependa kuandika kwamba mkono uliganda, au sikumsikia kwa kelele. Nilimsikia vizuri. Nilimtazama Bakari usoni, shati lake la pasi, nikaongeza mpaka mwisho. Injini ikapiga ukelele, kugonga kukawa kama mchi kwenye kinu kitupu, na kitu humo ndani kikavunjika. Pikipiki ikaruka mara moja juu ya stendi. Ikanyamaza. Moshi mweupe ukatoka, bado unanuka chakula.

Niliweka mguu kwenye kiki nikasukuma. Haikusogea.

Bakari alikaa chini mchangani. Majirani waliondoka mmoja mmoja bila kuaga. Mimi nilimgeukia shangazi, nikiwa tayari. Nilikuwa na majibu yangu yote, ya ada, ya dini, ya kahawa ya wazee. Nilitaka anitukane ili nipate kuyatoa.

Shangazi alisogea akaweka kiganja juu ya tangi la petroli, kama mtu anayempima mgonjwa homa. Lilikuwa la moto, lakini hakuutoa mkono.

"Mimi sikuitaka pikipiki," akasema. "Pikipiki ya nini kwangu mimi? Babako alikuwa akipita mlangoni kwangu Gazi asubuhi akienda Matuga, na jioni akirudi. Hakuwa akisimama, ana kazi za watu. Lakini mimi namsikia. Namsikia tangu mbali, nasema huyo, Mungu amemwamsha. Jioni nasema huyo, amerudi salama. Alipokufa barabara ikaninyamazia. Nikasema ikiwa ya Bakari, itakuwa yapita pale pale. Ikiwa yako wewe huku Msambweni, nitaisikia wapi?"

Nikamuuliza mbona hakusema hivyo kwenye kikao.

"Mbele ya wazee wale? Wangenicheka."

Akamwinua mwanawe, wakaenda kungojea basi. Hakunilaani. Hata ufunguo hawakuuchukua, uko hapa mezani karibu na taa. Na pikipiki iko uani kwangu, nimeifunika kwa gunia. Ndicho nilichokitaka tangu siku ya arobaini, na sasa ninacho.

Bakari sitamwomba radhi. Atakayetia mafuta ya nazi kwenye injini mbele yangu tena nitampiga na spana, awe binamu au awe nani. Hasira yangu iko pale pale, haijapungua. Mkewe kesho atakwenda Kwale kwa basi, atafika mzima, na hakuna atakayenishukuru kwa hilo. Sitaki hata washukuru.

Lakini nimejaribu tangu magharibi kumkasirikia shangazi kama nilivyozoea, na sipati pa kuanzia.

Kesho nitaifungua. Ikiwa silinda haikupasuka, inaweza kupona. Nitakwenda Mombasa nitafute pistoni, nitafute beringi na mkono mpya, nitaifunga, na itawaka, maana sijawahi kushindwa na injini. Nitaiendesha mwenyewe hadi Gazi asubuhi, nipite mlangoni pake bila kusimama.

Itakuwa na vyuma vingine ndani. Je, itatoa sauti ile ile? Miaka yote hii nimekuwa fundi wake, nami sijui.